Jua la Chini ya Meza

Watu wakisikia kwamba zamani niliwahi kuwatapeli wenzangu sola, hudhani nilikuwa mjanja sana. Wapi! Sikuwa na ujanja wowote. Nilikuwa na sanduku.

Lilikuwa sanduku la chuma, la kijivu, zito, lenye mita mbili za mshale usoni, na kiwandani tuliliita saplai. Kazi yake ilikuwa kupokea umeme mkubwa wa ukutani na kuutoa mdogo, uliotulia, wa kulisha taa na swichi za mitambo. Mimi nilikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa huko Mbozi, miaka ile ya ruksa, biashara zilipoanza kuachiwa watu, na kati ya vitu vyote vya mle ndani hicho ndicho nilichokipenda. Mashine zilinguruma, zikatikisika, zikakata mikanda. Saplai imekaa zake kwenye kona, mshale umesimama pale pale. Ubinafsishaji ulipofika tukapunguzwa kazi, vifaa vya zamani vikauzwa kwa bei ya chuma chakavu, na mimi nikainunua saplai. Mke wangu alinitazama naishusha mlangoni, akauliza, "Baba watoto, hii tunaichemsha au tunaikaanga?"

Nikahamia Tunduma kama wengine wengi waliokosa pa kwenda. Nikafungua kibanda si mbali na mpaka, natengeneza redio na pasi, nachaji betri za malori yaliyokaa foleni siku tatu, siku nne, yakisubiri kuvuka. Saplai ndiyo iliyochaji hizo betri. Ilitulisha kwa haki miaka mingi, naomba hilo nalo lihesabiwe.

Kisha sola zikaanza kuingia. Mwanzoni zilikuja moja moja kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Nakonde, zimefungwa kwenye mablanketi, watu wakizishangaa na kuuliza kama hicho kioo hakitachoma nyumba. Wateja wangu walitoka Ileje, walitoka vijiji vya mto Momba, walitoka bondeni Rukwa, kote huko ambako nguzo za umeme zilikuwa maneno ya wakati wa kampeni tu. Ndani ya miaka michache niliacha pasi na redio, nikawa mtu wa sola.

Ila mteja wa kwetu hanunui maneno. Hata balbu moja lazima uichomeke aione ikiwaka ndipo uifunge kwenye karatasi. Ukimwambia "niamini", anakuaga. Kwa hiyo nilikuwa na meza ya kujaribia. Paneli inapandishwa juu ya bati la kibanda, waya zinashuka mpaka mezani, pale pana taa na redio. Nachomeka, taa inawaka, redio inaimba, mteja anaanza kucheka peke yake. Nimewaona watu wazima na mvi zao wakipiga makofi mbele ya taa ndogo ya kijinga.

Shida ni kwamba Tunduma si pwani. Kuna wiki nzima za ukungu na manyunyu, unavaa koti saa sita mchana. Siku moja ya namna hiyo alikuja mzee kutoka Isongole, kaondoka kwake alfajiri, gari la kurudi linamsubiri. Nikaipandisha paneli juu ya bati, taa ikawaka kidogo, ikafifia, redio ikakoroma. Mzee akanitazama kwa huruma, akaanza kurudisha hela zake kwenye soksi. Paneli ilikuwa nzima kabisa! Jua tu ndilo halikuwepo. Nikamwambia akanywe chai kwanza. Aliporudi nilikuwa nimeshapitisha waya mwembamba kutoka kwenye saplai, chini ya meza, mpaka kwenye ile taa, na swichi nimeibandika mahali goti langu linapofika. Taa ikawaka mpaka mzee akafumba macho. Nilijiambia sikumdanganya mtu, nimelisaidia jua tu.

Naamini sola ya yule mzee ilimwakia miaka mingi. Lakini ile waya sikuitoa.

Mwaka uliofuata nikanunua shehena ya paneli kwa pupa, bei ya kutupa, kutoka kwenye lori lililoanguka mlimani. Vioo vilikuwa vizima, vinang'aa. Ndani, kumbe, viungo vilikuwa vimekatika. Ukizipima kwa mita volti zinasoma vizuri. Ukiziunga na taa, zinalala usingizi. Karibu nusu ya mzigo ulikuwa hivyo. Mtu mwema angezitupa. Mimi nilizipanga nyuma ya pazia nikawa naziuza moja moja, saplai ikiimba badala yake chini ya meza. Na sikumuuzia kila mtu. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo: nilichagua. Mteja akiingia nilimuuliza, "Karibu, umetoka wapi leo?" kwa sauti ya ukarimu kabisa, na kumbe napima umbali. Wa karibu alipata nzima. Wa mbali, ambaye nauli ya kurudi kulalamika ingemshinda, alipata ya nyuma ya pazia.

Sasa niseme habari ya mama mkwe.

Mke wangu kwao ni bondeni, upande wa Ivuna, kwenye chumvi. Mama yake alikuwa mjane, na aliwalea watoto wake kwa kuchemsha chumvi: unakwangua udongo wa chumvi kiangazi, unauchuja kwa maji, yale maji unayachemsha kwenye vyungu mchana kutwa mpaka yakauke. Kuni zinawaka, moshi unakuja usoni, ukihama upande huu nao unakufuata. Miaka thelathini ya moshi huo ikamla macho. Alikwenda hospitali, daktari akamwambia jicho moja limeshajaa makovu, la pili bado lina nafasi, ila akae mbali na moshi. Akae mbali na moshi, ale nini? Daktari hakuandika dawa ya hilo.

Jibu alilipata mwenyewe. Mnara wa simu ulikuwa umesimama kule bondeni, simu zimejaa, na watu walikuwa wakizituma kwa baiskeli mbali huko kwenda kuchajiwa. Mama akasema, mkwe wangu si anauza sola? Nikiwa na moja nitachaji simu za kijiji kizima, nimekaa kivulini. Akaigawa sehemu yake ya kuchemshia chumvi kwa jirani, na vyungu akavigawa, akapanda gari kuja Tunduma, akafikia kwa mwanawe wa kiume, shemeji yangu, aliyekuwa kibarua pale mpakani.

Inabidi nieleze jambo moja la kwetu. Sisi Wanamwanga, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Mkikutana njiani mmoja anaingia majanini. Huli kwake, hasemi na wewe, wewe husemi naye. Mkiwa na neno, mnampa mtu wa katikati hata kama mko hatua tatu. Hiyo haitoki mpaka wanandugu wakae, utoe mbuzi na kitenge, ndipo mama akupokee kama mwanawe. Wenzangu hufanya hivyo mapema. Mimi nilikuwa nimeoa miaka kumi na minne na kila kiangazi nasema kiangazi kijacho. Uzembe tu, sina neno zuri zaidi la kuuita.

Basi alisimama nje ya kibanda, amenipa mgongo, kanga kichwani. Shemeji akaingia kunieleza. Nikamwambia, "Mwambie mama hakuna cha kununua hapa. Sola nampa." Nilijisikia mkubwa kweli. Shemeji akamwambia, na yeye pale pale nje akapiga magoti, mgongo bado kwangu, akapiga makofi ya shukrani yale ya polepole ya wanawake wa kwetu.

Siku hiyo paneli zote nzima zilikuwa za Mzambia mmoja mnunuzi wangu mkubwa, ameshazilipia, anazifuata mchana. Zilizobaki zilikuwa za nyuma ya pazia. Ningeweza kumwambia Mzambia asubiri moja. Ningeweza kumwambia mama arudi mwezi ujao. Lakini nikaona aibu kumrudisha, na nikaogopa kumuudhi mteja, na kichwani mwangu, Mungu anisamehe, kuna sauti ikasema: kwani si ya bure? Nikajiahidi mzigo mwingine ukija nitambadilishia. Nikatoa ya nyuma ya pazia.

Shemeji naye akasema, "Tujaribishie kwanza, shemeji." Kama mteja yeyote. Mawingu yalikuwa yametanda. Nikapandisha paneli, nikachomeka, nikabonyeza kwa goti. Redio ikaimba kwa sauti kubwa. Mama wa watu, asiyeweza hata kugeuka kuangalia, akasikia, akapiga kigelegele barabarani mpaka wauza ndizi wakageuka.

Mzigo mwingine ulikuja. Sikumbadilishia. Mwanzoni nilikuwa na shughuli nyingi, halafu barabara ya bondeni ilikuwa mbaya kwa mvua, halafu nikamuuliza mke wangu kwa mbali mbali, "Mama anasemaje na ile sola?" akajibu, "Anasema inafanya kazi vizuri, anakushukuru." Loo, nilivyolishika hilo jibu! Nilijua haiwezekani. Mimi ndiye niliyeipima. Lakini mtu akitaka kudanganywa hata mtoto atamdanganya; nikaanza kuamini labda ile moja ilikuwa na uhai kidogo, labda jua la Rukwa, lilivyo kali, limeiamsha.

Baadaye mke wangu akarudi kutoka msiba wa kwao na habari kwamba sola ya mama imepigwa na radi. Tangu msimu wa kwanza wa mvua! Mama hakutaka tusumbuliwe, ndiyo maana hakusema. "Nimemkuta kwenye chumvi," mke wangu alisema, "kaomba vyungu kwa watu." Nikauliza macho yake vipi. Akasema jicho zima nalo limeanza kutoa machozi.

Hebu nisemeje? Radi inapiga paneli, sawa, imewahi kutokea. Ila mimi nilijua radi haikukuta kitu cha kuua pale. Ningepeleka nyingine wiki ile ile. Nilikuwa nazo, nzima, zimejaa dukani. Lakini kupeleka kulitaka niende kule, nipande juu ya nyumba yake, niishushe ile ya kwanza mbele ya watu, na shemeji si mjinga. Angeona haina hata alama ya moto. Nikawa nampa mke wangu sukari, mafuta ya kupikia, kitenge, ampelekee mama. Kila kitu nilipeleka isipokuwa kile alichokihitaji. Kiangazi kikapita, na kingine, na cha tatu.

Siku mke wangu aliposhuka kwenye basi na kuniambia, "Mama haoni tena," alikuwa anazungumza nami, namwona mdomo, lakini mimi nilikuwa nasikia ile redio. Nikaingia kibandani, nikatambaa chini ya meza, nikang'oa waya na swichi. Nilikuwa nalia kwa hasira, najitukana matusi ambayo ningemsikia mtu mwingine akinitukana ningempiga. Halafu nikakaa sakafuni nikafikiria, sasa unang'oa nini, mpumbavu wewe, na kazi imeshakwisha?

Wiki iliyofuata tuliteremka bondeni, mimi, mke wangu na shemeji. Nilibeba paneli bora kuliko zote nilizokuwa nazo, betri mpya, taa nne. Ile ya kwanza sikuikuta juu ya nyumba. Mama alikuwa ameshaishusha zamani na kuifukia, watu waliniambia, kwa sababu kitu cha radi hakikai nyumbani. Nilifunga mpya asubuhi yote. Mchana simu kumi na tano zilikuwa zimepangwa kwenye mkeka, na mjukuu wa kike wa jirani amekubali kumsaidia mama kuzipokea. Jua lilikuwa kali mpaka bati linalia. Hakukuwa na haja ya kulisaidia.

Mama akatuma neno kupitia shemeji. "Mwambie mkwe, tumalize na ile habari ya kujifichana. Mimi sioni tena. Nitamkimbia kwa macho gani?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa nimekuja na mbuzi na kitenge, wanandugu wakakaa, maneno yakasemwa, sala ikasaliwa. Nikapelekwa nikaketishwa mbele yake kwenye kigoda. Akanyoosha mikono, akanipapasa paji la uso, pua, ndevu. Akasema, "Kumbe ndivyo ulivyo." Hakuwahi kuniona uso maisha yake yote, na sasa hataniona.

Kisha wanawake wakaenda jikoni kupika, mke wangu akiongoza, na wanaume wakatoka kumchinja mbuzi. Tukabaki wawili ndani, mara ya kwanza. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yakapotea yote. Nikasema tu, "Mama, ile sola ya kwanza ilikuwa mbovu. Na nilijua."

Akaivuta kanga yake mabegani.

"Mimi nilijua siku ya tatu," akasema. "Jua la hapa linakausha chumvi, lishindwe na kioo? Nikasema, huyu kanipa kitu kibovu."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nimwambie nani? Wewe siruhusiwi kusema nawe. Kijana wangu huyu ana hasira, angekuja kukupiga pale pale dukani kwako. Nimwambie binti yangu? Ana watoto watano kwako. Nimwambie, mumeo amempa mama yako kitu kibovu huku anajua, halafu arudi alale na wewe kitanda kimoja? Nikasema inafanya kazi. Waliponiona tena kwenye chumvi, nikasema radi."

Nikamwambia nitakwenda jikoni sasa hivi nimwambie mke wangu mwenyewe, mbele ya wote, na litakalokuwa na liwe. Nilimaanisha. Nilikuwa nimeshainuka. Akanishika mkono, na mkono ule wa kubeba vyungu ulikuwa na nguvu bado.

"Kaa chini. Unataka kutua mzigo, na mimi je? Macho yangu yamekwenda ili mwanangu asijue. Ukimwambia leo, yatakuwa yamekwenda bure." Akaniachia mkono. "Tubu kwa Mungu. Mwanangu usimguse."

Mke wangu akaingia na maji ya kunawa, akanikuta nalia kama mtoto mbele ya mama yake. Akaweka beseni chini, akawaita ndugu zake waje waone. "Njooni mwone mume wangu anavyompenda mama!" Wakaja, wakaona, wanawake wakapiga vigelegele. Mama mkwe akatabasamu upande ambao hakuna mtu aliyesimama.

Aliishi miaka sita baada ya hapo, anachaji simu za watu, haoni hata moja. Sikuuza tena paneli mbovu, na zilizobaki nilizivunja kwa nyundo. Waliokwisha kuzinunua siwajui majina wala vijiji, na wengine bila shaka nao walisema radi. Siku hizi kule bondeni kila nyumba ina sola, mpaka mazizi yana taa, na watu wananiita mtu wa kwanza kuwaletea. Nikienda msibani wananipa kiti cha mbele.

Na kila mgeni akija kwetu, mazungumzo yakifika kwenye sola, mke wangu huweka kikombe chini apate kusimulia vizuri. Husema wanaume wengi hawana habari na wakwe zao, lakini mume wake alimpa mama yake sola wakati hakuna hata mwalimu aliyekuwa nayo. Hunitazama kwa fahari ambayo miaka yote hii haijapungua. "Tena si moja," humwambia mgeni, na huinua vidole. "Mbili."